Daftari la Boma

Siku dada yangu Kabula alipotolewa ng'ombe watatu zizini, aliyesoma jina lake ni mimi. Karani Shigela wa Bomani alinitia daftari mkononi mbele ya matarishi wawili akasema, "Soma wewe, mwandiko ni wako." Nikasoma: Kabula, ng'ombe saba. Bomani, kwa wakubwa, miaka yote alikuwa ametaja wanne. Basi wale watatu wa ziada wakatolewa wapelekwe mnadani, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyekamwa kwa ajili ya Minza, kitinda mimba wake, mtoto mgonjwa asiyeshika chakula kingine tumboni. Kabula hakulia.

Mwadila, nawasalimu ndugu zangu. Mwadila, akina mayu, mama zetu. Mmeniita niseme kwa kuwa chuo chetu cha kilimo kinataka tena hesabu ya ng'ombe wetu, nanyi hamjui mtoe au mfiche. Mimi nina madarasa mawili tu, lakini hili nalijua, maana limenila.

Mnakumbuka chuo kilivyokuwa. Vyumba viwili vya udongo, walimu watatu, hakuna hata hadubini ya kutazamia damu ya ndama aliyekufa. Ndigana, ile homa ya kupe, ilikuwa inatumalizia ndama kila mvua. Mwalimu Mkuu Zakaria, yule pale mbele, akaandika barua kuomba fungu la fedha za uchunguzi. Wakubwa wa vyuo wakamjibu kwamba chuo chenye maneno matupu hakipewi kitu, walete hesabu: ng'ombe wangapi, wamekufa wangapi, kwenye zizi la nani. Akanitafuta mimi, kwa sababu nilijua kuandika majina na tarakimu, na watu waliniamini.

Kwetu mtu hataji ng'ombe wake wote kwa mdomo. Mnajua. Nilizunguka msimu mzima nikibembeleza. Kabula ndiye aliyekataa zaidi. Nikamwambia, "Dada, hili ni la chuo. Wakubwa wa Bomani hawataligusa." Akanionyesha wote saba kwa kidole, bila kutaja idadi. Nikaandika.

Sasa sikieni ujinga wangu. Juu ya jalada Mwalimu Mkuu aliniambia niandike Daftari la Boma. Mimi nikaelewa boma la ng'ombe, zizi, kama tunavyosema sote hapa. Nikaandika kwa herufi kubwa, tena kwa majivuno. Amri ya kupunguza mifugo ilipokuja, Karani Shigela akaingia ofisini mwa chuo, akaliona mezani, akaondoka nalo. Nilipomfuata alicheka. "Si umeandika mwenyewe la Boma? Basi ni la serikali. Ungeandika la zizi, bwana mwandishi."

Minza alikufa kiangazi kile kile. Kabula akahamia Kimali kwa ndugu za marehemu mumewe. Nilimfuata kwa miguu. Alinipa maji, akanipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani vizuri kabisa. Kisha akasema, "Kaka, na daftari umekuja nalo?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi nikaanza pombe. Shamba la pamba likaota majani mpaka kifuani. Mke wangu akawa anasalimiwa kwa huruma kisimani. Watu niliowaandika walikuwa wakiniona njiani wanakata kona.

Aliyenitoa huko ni Mwalimu Elias, kijana mgeni chuoni. Alinikuta nimelala kilabuni mchana, akakaa chini kwenye vumbi akaniuliza daftari lingewezaje kuandikwa lisimdhuru mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho. Nikamwambia tusiandike jina, kila zizi lipewe alama ya mwenyewe, na maana ya alama ikae vichwani mwa wafugaji, si chuoni. Mwalimu Elias akasema, "Basi tufundishe." Nikawafundisha walimu, mimi wa madarasa mawili. Tukahesabu ndama waliokufa tu, si walio hai. Barua ya pili ikakubaliwa. Hadubini ikaja, vijana wetu wawili wakafundishwa kusoma damu, na ndama wameanza kuvuka mvua.

Namshukuru Mwalimu Elias. Namshukuru mke wangu aliyelima peke yake bila kunisema. Nawashukuru akina mayu mlionifungulia mazizi mara ya pili, nikiwa sistahili. Kabula amefariki huko Kimali. Sikupata kumwambia kwamba tulipata lile fungu. Sijui kama angetaka kusikia.

Funzo langu ni hili: anayetoa hesabu ya mali yake ajue nani atalishika daftari, na amjue kwa uso.

Karani Shigela amehamishwa, hayupo. Lakini ofisi ya chuo ina mlango na ufunguo, na siku ile ufunguo ulikuwa kwako, Mwalimu Mkuu Zakaria. Shigela alilichukua, au wewe ulimpa? Simama, baba, uwajibu hawa watu. Kalamu ninayo hapa, na mpaka useme, siandiki hata ndama mmoja.