Télesphore na Nondo Iliyongoja Miaka Minne

Télesphore alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Rumonge, mtoto wa tatu wa fundi mwashi. Alisoma hukohuko, kisha akasomea ufundi wa ujenzi Bujumbura, akahitimu mwaka 1979. Aliwahi kupewa sifuri kwa kukataa kuandika jibu la kipimo ambacho hakukifanya kwa mikono yake. Sifuri hiyo aliitaja kwa majivuno hadi uzeeni.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika maabara ya vifaa vya ujenzi, akakaa meza moja na Adolphe. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Lisette, na Adolphe ndiye aliyewasimamia. Sahani ya Adolphe haikukosekana nyumbani kwao Gasenyi.

Januari 2021 Télesphore alichanganya zege la saruji na majivu ya makaa ya mawe, akafukia nondo ndani yake, ajue kama majivu yataikinga na kutu. Vipande vingine aliviacha maabara, viwili alivipeleka nyumbani, kimoja cha majivu na kimoja cha saruji tupu, akavilaza katika maji ya chumvi.

"We Télesphore, mi ntafulia wapi?" Lisette aliuliza. "Beseni zangu zote umezijaza chumvi!"

"Ngoja, mama. Majivu inaenda polepole, lakini inafungia kutu mulango. Miaka ine, tutapasua."

Mwezi uliofuata alilazwa kwa upasuaji wa ngiri. Huku nyuma Adolphe, aliyekuwa amepandishwa kuwa mkuu wake, alivikandamiza vipande vya maabara mtamboni siku ya ishirini na nane, kabla majivu hayajakomaa. Akaona ni dhaifu, akaandika kwamba majivu yanaozesha nondo. Nondo yenyewe hakuitazama. Chini ya ripoti aliweka jina la Télesphore.

"Téle, ni karatasi tu," alimwambia. "Apana kasirika."

Kikulacho ki nguoni mwako. Télesphore alistaafu mwaka huohuo, na mafundi aliowafundisha wakamwita mzee wa kutu. Aliumia, na hatutaficha hilo leo. Hakumtukana mtu. Kila Jumapili baada ya misa alibadilisha maji ya beseni.

Figo zilimsumbua tangu 2023. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, miaka minne ikiwa imetimia na vipande havijapasuliwa. Alhamisi mwanawe Amélie alishika nyundo mbele ya familia. Nondo ya saruji tupu ilitoka nyekundu, imelika ubavuni. Ile ya majivu ilitoka safi. Lisette aliipangusa kwa kitenge chake, akalia.

Ameacha mke, Lisette, watoto wawili, Amélie na Sylvère, wajukuu watano, na jina ambalo familia inaomba liondolewe chini ya ripoti ile.

Adolphe, ukipita kuaga, nondo zote mbili ziko mezani kando ya picha ya Télesphore. Zishike kwanza, ndipo umwage udongo kaburini.

Télesphore, kazi imekwisha. Lala kwa amani.