Mara Kumi na Moja za Susana

Enyi mnaotikisa vichwa kabla karatasi ya wasifu haijafunguliwa, mnaonong'ona tangu jana kuwa Susana ameuawa na mashine ya mionzi, fungeni midomo, tarehe zote zimo humu, na dada yake mkubwa, Bhoke, anayewasomea hapa, aliyeishia darasa la saba, hakosei tarehe.

Marehemu Susana Wanzagi alizaliwa Kiriba tarehe 11 Juni 1969, akasoma shule ya msingi Nyegina, 1977 hadi 1983, akauza dagaa sokoni Musoma, na tarehe 14 Julai 1990 akafunga ndoa na Eliud Masatu wa hapa Buswahili, wakajaliwa Ghati na Onesmo.

Februari 2024 madaktari wa Musoma walimkuta na saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kuwa mashine ya mionzi huku kwetu hakuna, alikaa kwenye foleni ya Mwanza hadi tarehe 6 Mei, akachorwa alama tatu za wino mwilini, mahali pa kulengea, akaambiwa atapigwa mionzi mara ishirini na tano, kila siku ya kazi, asiruke, wala asizisugue alama hizo. Alipofika mara ya kumi na moja akafa kaka wa mumewe, Susana akaja msibani kwa siku mbili tu, lakini shemeji yake Matiko akasimama hapo mlangoni, akasema, "Mke wa mji huu hatokagi kabla ya tanga kuondoka, shemeji." Akakaa siku kumi na mbili, wanawake wa ukoo wakamnyoa, wakamwogesha, wino ukaenda na maji, na aliporudi Mwanza ilibidi achorwe na kupangwa foleni upya, ila uvimbe haukuwa umemsubiri. Alifariki tarehe 7 Novemba 2025, humu ndani, akihesabu kwa sauti ndogo, akifika kumi na moja anaanza tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, majirani waliombeba hadi kwenye gari la Bunda, na wenzake wa meza za dagaa.

Sasa, Ghati naye anatibiwa saratani ya titi kwa mionzi Mwanza, amefika mara ya tisa, kesho asubuhi ni ya kumi, na maji ya kumwogesha yameshatengwa uani. Bhoke amezitazama alama zake leo, moja imefifia kwa jasho tu. Ghati haogeshwi, hanyolewi, na udongo wa kaburi la mama yake watatupa wengine, Matiko akitaka kusimama mlangoni asimame sasa.

Pumzika, Susana, dada yako amekunja karatasi, amemshika mwanao mkono, wanatoka, na mlango anaufunga yeye.