Mtambo Unaokaa Bure

Gaudiose alikuwa akirudi Hillbrow, ambako mama yake alikuwa amelala ghorofani akipumua kwa mashine ya oksijeni ya umeme. Mbele yake kwenye taksi, basi dogo lililojaa abiria, wanaume wawili wasiojuana walibishana juu ya umeme kama watu wanaobishania mpira.

"Serikali iachie soko," alisema Mkongo aliyevaa sare ya ulinzi. "Kampuni zikiwa nyingi, moja ikizima nyingine inawasha."

"Na mtambo wa akiba atauweka nani, kaka?" aliuliza Mtanzania. "Mtambo unaokaa bure kungoja balaa hauuzi kitu. Mfanyabiashara gani ataulisha?"

"Unaogopa bure, ndugu. Kwa wastani tunakatiwa saa chache tu kwa mwezi."

Gaudiose aliukumbatia mkoba wake. Mama hapumui kwa wastani.

Walipofika Joubert Park, robot zote, taa za kuongoza magari, zilizimika, na madirisha ya ghorofa yakawa meusi hadi juu kilimani. Taksi ikasimama katikati ya honi.

"Eish. Hii ilikuwa kwenye ratiba ya mgao?" aliuliza Mkongo.

"Haikuwepo," alijibu mwenzake, na ubishi ukaanza upya.

Gaudiose alikuwa keshashuka, anakimbia, akihesabu pumzi ambazo si zake.