Elpidius, Chembe Zinazowaka na Chupa Yangu ya Maziwa

Ndugu Elpidius Kamuhanda ameitumikia maabara ya hospitali yetu miaka ishirini, tangu Julai 1978 hadi anapostaafu leo, tarehe 30 Juni 1998. Wenzake wameniomba niandike mimi, mama yake. Nimeishia darasa la nne, lakini huyu nilimzaa mwenyewe. Nani anamjua kunishinda?

Alianza na taa ya spiriti. Mkojo wa mjamzito aliuchemsha. Ukiganda kama ute wa yai, kuna protini, na mama yuko hatarini. Kwa kuchemsha tu alijulikana hadi Kanoni na Chonyonyo. Nanyi zaeni wa kwenu!

Mwaka 1996 watafiti walileta chembe za majaribio, ndogo mno, hata darubini yake haikuziona. Lakini zikikutana na protini, zinawaka! Aliniita nichungulie. Kisahani chenye vishimo vinane vya maji yenye chembe hizo, huku kijani, huku bluu, kama vimulimuli vimefungiwa humo. Nilipiga ishara ya msalaba. Akaniambia kila protini huwasha vishimo kwa namna yake, kama kila ng'ombe alivyo na mabaka yake. Hadi leo nikikumbuka nasisimka.

Mwezi huohuo jirani yangu Speciose, mimba ya miezi saba, miguu imevimba, alileta mkojo wa asubuhi. Vishimo vikawaka. Daktari akasema azalishwe kwa upasuaji siku hiyohiyo. Miezi saba! Na Speciose alishampoteza mmoja wa miezi hiyohiyo.

Elpidius akakataa kusaini majibu. Vishimo viwili vilibaki giza, na protini ya mtu ingeviwasha. Akamfuata Speciose wodini.

"Dada, chupa hii ilikuwa na nini?"

"Maziwa. Lakini niliisuuza! Nilipewa na mama yako."

Ni kweli, nilimpa mimi. Kumbe iliyowaka ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampa chupa safi ya maabara. Safari hii vishimo vyote vikabaki giza. Upasuaji ukafutwa.

Miezi miwili baadaye akazaliwa binti, kilo tatu na nusu. Anaitwa Placidia, kama mimi. Sifa ni za Elpidius, jina nimechukua mimi.

Asanteni wenzake mliomtunza. Na wewe mwanangu, asante kwa macho yale. Pumzika vizuri, kahawa yako izae, afya isikuache. Njoo nyumbani ule ndizi; Placidia mdogo anakusubiri, na chupa zangu zote nimezichemsha.

Mama yako, Placidia