Verlin Skarstad na Bunduki ya Mkewe

Mchungaji wetu, majirani, wafanyakazi wa ghala la nafaka, na nyinyi wawindaji mliokuja na makoti ya rangi ya machungwa kama mjane alivyoomba, familia ya Skarstad inawaomba mketi na kusikiliza maisha ya mpendwa wetu Verlin, ambayo mkewe Ardis mwenyewe ameagiza yasomwe bila kufichwa kitu.

Verlin Orval Skarstad alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika shamba la mahindi la wazazi wake nje kidogo ya mji wa Nordby, Iowa, akiwa mtoto wa tatu, na mkunga alilalamika kwamba hajawahi kuinua kichanga kizito namna ile. Alisoma hapa hapa Nordby, akamaliza sekondari mwaka 1966 huku akiinama kwenye kila mlango, na mwezi Juni mwaka huo akaajiriwa katika ghala la ushirika, alikopima na kukausha nafaka zetu hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 9 Mei 1970 alifunga ndoa na Ardis Fosse mbele ya madhabahu hii, bibi harusi akimfikia kifuani, wakajaliwa watoto wawili, Renae na Curtis.

Kila Desemba Verlin aliwinda kulungu na rafiki yake Orlan Bruhn, akibeba bunduki ya marisau namba kumi na mbili aliyorithi kwa baba yake, ambayo kwa risasi moja nzito ya kuwindia kulungu ilipiga teke begani kama punda, na jitu letu hili, tusemeni ukweli, lilikuwa na bega laini, hata likazoea kufumba macho kabla ya kufyatua. Mwaka 1986 alifumba macho, akatoboa tairi la trekta la Orlan, lililoegeshwa upande ambao hapakuwa na kulungu hata mmoja.

Mwaka uliofuata alikwenda dukani akachagua namba ishirini, ambayo, ingawa namba yake ni kubwa zaidi, mtutu wake ni mwembamba na teke lake ni la upole, lakini kulungu humwangusha vizuri tu ukimsogelea.

“Ya nani hii?” muuzaji akamuuliza.

“Ya mke wangu.”

“Mkeo yule mfupi? Mbona umechagua yenye kitako kirefu hivi?”

“Ana mikono mirefu,” akajibu Verlin, akatoka haraka.

Miaka miwili aliwinda nayo, akiwaambia watu kwamba anaizoeza kwa ajili ya Ardis, mpaka Ardis, ambaye hakuwahi kushika bunduki, akayasikia hayo kanisani. Hakumuuliza mumewe neno. Aliipeleka kwa fundi, kitako kikakatwa kikamtosha, akajifunza shabaha nyuma ya banda, na asubuhi ya kwanza ya msimu wa 1989 akapanda gari la kuwindia, akasema, “Baba Renae, asante kwa zawadi. Wewe chukua ile ya marehemu baba mkwe.”

Siku hiyo Ardis aliangusha dume kubwa kwa risasi moja. Verlin alilitia tundu tangi la maji la jirani.

Jioni, jikoni, alivua shati, bega limevimba. Ardis akalipaka dawa, akamwambia, “Miaka yote nafua mashati yako yananuka dawa ya maumivu, unadhani sijui? Si useme tu inakuumiza?”

“Orlan atanicheka mpaka nife.”

“Basi nunua nyingine. Safari hii utasema ni ya nani?”

Alisema ni ya Renae, na Renae tangu utoto hali nyama.

Mwaka 2021 mapafu yake, yaliyokula vumbi la nafaka miaka mingi, yalianza kushindwa. Oktoba mwaka 2023, akiwa hospitalini, alimwita Orlan, akashika mkono wake, akasema kwa shida, “Orlan, zile bunduki ndogo zilikuwa zangu. Ile kubwa nilikuwa naiogopa.”

Orlan akautazama mlango kama umefungwa vizuri. “Na ile yangu ndogo ninayosema ni ya mjukuu?”

“Imefanya nini?”

“Sina mjukuu, bwana wee! Ni yangu mwenyewe, na Curtis wako ndiye aliyenichagulia dukani.”

Verlin alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuvunia mahindi, wenzake wa ghalani, na Orlan, aliyeruhusu siri yake isomwe. Baada ya maziko tutakula supu ya kulungu ukumbini.

Verlin, mzee wetu, umepumzika. Lala kwa amani. Msimu unafunguliwa mwezi ujao, na Orlan ameomba aende na Ardis.