Nilivyomzika Baba Akiwa Hai

Msinipigie makofi bado, ndugu zangu. Ngojeni kwanza mjue mnampigia nani. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, basi atakayeona nimezidisha akohoe. Majina sitataja, kwa sababu wote nitakaowasema wako hai, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Wengine hapa Kitale mnanijua kama mwalimu wa Kiingereza wa watoto wenu. Lakini naona pale nyuma wale tuliobeba magunia pamoja kule stoo ya mahindi, na hao wanajua nilikuwa mtu wa ngumi. Pande zote mbili mko sawa.

Nimezaliwa Bungoma, upande wa Kibabii. Baba yangu ni mkulima wa miwa, na alikuwa anapiga watu. Sisemi kuchapa, nasema kupiga. Alikuwa na saa ya mkononi, ya chuma, na kabla hajapiga alikuwa anaivua kwanza, anaiweka kwa mfuko wa shati polepole ndiyo isivunjike. Ile saa ilihurumiwa kuliko mama yangu. Mama alitolewa meno mawili ya mbele siku ya Krismasi kwa sababu ya chai iliyomwagika. Mimi nina hili kovu juu ya sikio, la mpini wa jembe. Tukisikia mkanda wa saa umefunguka, kila mtu alitafuta mlango.

Pamoja na hayo yote, Kiingereza nilikiweza. Usiniulize kilitoka wapi. Nikaingia chuo, na mwaka wa pili karo ikatushinda. Basi kukatokea skolashipu ya wanafunzi wa Kiingereza: unaandika insha ya maisha yako, ikishinda unasomeshwa mpaka mwisho, na insha inachapishwa kwa kijitabu cha chuo. Kule hosteli kila mtu alijua dawa yake. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Andika wewe ni yatima, bana. Nani ataenda kuangalia?" Huyo mwenyewe alikuwa amezika shangazi watatu kwa fomu moja ya basari ya karo, na wote walikuwa wazima sokoni wakiuza ndizi.

Mimi nikamzika baba.

Na sikumzika haraka haraka. Niliandika trekta ya miwa ikimkanyaga. Niliandika damu, niliandika mama akigaagaa, kaburi nikalichimba nyuma ya jikoni, karibu na migomba, na mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza. Sasa nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu kwa miaka. Sikuandika kwa sababu ya karo peke yake. Nilitaka afe. Kwa ile karatasi nilimwona hatimaye amelala, amenyamaza, hawezi kuvua saa.

Nikashinda. Nambari ya kwanza. Jina langu likazunguka kwa wasap ya chuo, watu wakinitumia pole na hongera pamoja. Wewe uliyecheka hapo mbele, ngoja tu.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilisahau watu wetu hufanya nini wakisikia msiba. Walimu na wanafunzi wenzangu walichanga unga, sukari, majani chai na leso ya mjane, wakaomba gari la chuo waje kunishangaza. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mimi na baba tulikuwa kwa uwanja tunapukuchua mahindi, na gari likaingia likiimba wimbo wa matanga.

Mwalimu wangu, mama mmoja mpole sana, alishuka akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee. Wewe ni ndugu ya marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Mwenye hili boma."

"Mwenye boma ni mimi," baba akasema.

Wimbo ukakatika. Mwalimu alikuwa na kile kijitabu kwa kwapa, akajaribu kukificha, lakini baba alishakiona, na picha yangu ilikuwa hapo juu. "Nisomee," akamwambia. "Kwa Kiswahili." Mwalimu akaniangalia mimi, akaangalia chini, akasoma. Baba alivua kofia akaishika kifuani, akasikiliza trekta yake, akasikiliza kaburi lake. Mwalimu alipomaliza, baba akauliza tu, "Migomba gani? Si ni hii yetu?" Halafu akarudisha kofia kichwani, akavua saa.

Pigo la kwanza la mpini wa jembe lilinilaza juu ya mahindi. La pili lilinipata hapa kwa mbavu, na la tatu sikulingoja. Nilidaka ule mpini nikamnyang'anya. Ndugu zangu, nilimpiga baba yangu mzazi. Mkono wake ulilia kama muwa ukivunjwa kwa goti. Akaanguka, na hapo mtoto mwenye akili angeacha. Mimi nilikuwa namalizia insha. Nilipiga mgongo, nikapiga miguu, wageni wakipiga nduru, sukari imemwagika chini imelowa damu. Mwishowe mama akajirusha juu yake. Yule aliyetolewa meno mawili, ndiye aliyemfunika. Na pigo langu la mwisho lilimpata yeye.

Nikatupa mpini nikakimbia. Sikugeuka mpaka Kitale.

Skolashipu ilienda, chuo kikanifukuza, na hawakukosea. Huku nikawa mpakiaji wa magunia. Mtu akiniuliza wazazi, nilisema baba alikufa. Siku moja mwenzetu mmoja akanitania, "Ati alikufa na nini, wewe? Mbona kila wiki anakufa vingine?" Nilimvunja taya. Nililala korokoroni, nikatoka, nikapigana tena. Nilioa, nikapata binti. Nilipiga mama yake mara mbili. Hapana, leo sitadanganya. Nilimpiga mara nyingi.

Binti akafika miaka minne. Yeye sikuwahi kumgusa, na nilijisifu kwa hilo, kwamba mimi si kama yule mzee. Mchana mmoja tunakula, mke wangu akasema anataka kwenda kwao Kachibora wiki moja. Nikasimama. Sikuwa nimesema neno. Yule mtoto akashuka kiti, akaingia chini ya meza, akajifunika karai kichwani. Kimya kimya, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Nikashangaa ameona nini. Nikaangalia mkono wangu. Saa haikuwepo. Ilikuwa kwa mfuko wa shati.

Hiyo saa nilinunua na mshahara wa kwanza wa magunia. Nani alinifundisha kuivua? Nawaambia, nililia pale nimesimama, chakula kinapoa, mtoto chini ya meza, mama yake nyuma ya mlango, na hakuna aliyetoka. Waliogopa hata machozi yangu.

Ndiyo nikaja kwa hiki kikundi chetu cha wanaume wanaotaka kuacha ngumi. Mwenyekiti, uliniuliza swali moja: "Baba yako yuko wapi?" Nikasema amekufa. Ukavuta kiti karibu. Ukaniangalia mpaka nikasema, "Hapana. Yuko Bungoma."

Kwetu kumzika mtu anayepumua ni mwiko, na kumpiga mzazi ni mwingine. Huendi kusema samahani kwa simu. Wanaume sita wa hapa walinipeleka, na kondoo wa kuondoa mwiko. Baba alikuwa ameketi kwa uwanja ule ule. Mkono uliunga vibaya, umepinda. Hakunisalimia. Alinyanyuka akaniambia, "Kuja," akanipeleka nyuma ya jikoni, kwa migomba.

"Ulinizika hapa?"

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuja nikalala hapo, nione kama natosha." Akapangusa pua na ule mkono mbaya. "Hebu niambie. Kwa hiyo karatasi yako, watu walinililia?"

"Walilia sana."

"Basi uongo ulikuwa hapo," akasema. "Si kwa trekta."

Nilikuja na maneno ya msamaha ya kurasa mbili, nimeyakariri. Yote yaliisha. Nilipiga magoti kwa udongo nikamlilia baba yangu, yeye akiwa amesimama ananiangalia, mpaka na yeye akachuchumaa. Mzee wangu hajui kukumbatia mtu. Alinishika sikio, hili lenye kovu, akalishikilia tu. Akasema, "Hii ni mimi." Sikumdai zaidi.

Mama akatoka jikoni. Sikuweza kumtazama. Hakuuliza tumeongea nini. Alinyoosha mkono akasema, "Leteni saa. Zote mbili." Akazitundika kwa msumari juu ya moto, na mpaka leo ziko hapo, zimekuwa nyeusi kwa moshi. Kondoo alichinjwa, tukala.

Nilirudi chuo. Yule mwalimu ndiye alinitetea, ingawa leso ya mjane ilimtia aibu kubwa. Nikajaza fomu ya skolashipu tena. Kuna mahali wanauliza: baba, hai au marehemu. Nilitia alama kwa hai, na kalamu ikatoboa karatasi. Insha niliandika ya ile Jumamosi, yote, pamoja na pigo la mwisho. Haikushinda. Nilipewa nafasi ya tatu na kamusi moja, karo nikaimaliza kwa magunia ya likizo. Baba aliomba asomewe. Aliposikia mkono ukivunjika alisema, "Hapo umeandika sawa."

Nawashukuru wale sita. Nawashukuru mwalimu wangu na mama yangu. Mke wangu yuko pale mlangoni, na alikaa wakati hakuna mtu angemlaumu akienda. Asante, mama watoto. Na wewe ndugu wa taya, najua umekuja, tutaongea nje, na utasema yote unayotaka mimi nikisikiliza.

Ninachowaachia ni hiki. Ukifika nyumbani leo, usiulize watu wako kama wanakuogopa. Watasema hapana. Simama tu ghafla, uone nani anatafuta mlango.

Basi. Mimi sivai saa siku hizi. Mtu aniambie ni saa ngapi, nikae chini.