Mama Sperancia wa Kamuli na Enanga ya Kano Moja

Baba Padre, ndugu, majirani na wageni wote mliofika hapa Kamuli, kabla ya kusema marehemu alizaliwa lini, familia imeomba litajwe kwanza jina la jirani yetu Gosbert, kwa kuwa ndiye aliyekuja mwezi Mei mwaka huu, baiskeli yake ikiwa bado na mkungu wa ndizi, akamwambia marehemu kwamba halmashauri ya mji wetu imeanza kusaidia sanaa za hapa na kwamba safari hii hakuna kabila litakaloachwa nyuma, naye marehemu akapiga vigelegele, bila kujua kwamba habari ile ndiyo itakayomnyima usingizi mpaka mwisho wake.

Marehemu Sperancia Rwegoshora alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961, Chonyonyo, wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa nne wa mzee Rwegoshora na mama Avelina, na alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alipomaliza darasa la saba. Baba yake alikuwa mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, kwenye harusi, na ingawa enanga ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, kaka zake hawakuwa na subira ya kukaa nayo, hivyo mzee akamfundisha binti yake jikoni, mlango ukiwa umefungwa ili watu wasiseme.

Tarehe 22 Mei 1982 alifunga ndoa na Rogasian, kijana wa hapa Kamuli ambaye wazazi wake walivuka mpaka wa Mto Kagera zamani kuja kuchuma kahawa, na wapo waliomwambia bibi harusi kwamba anaolewa na watu wa kuja, lakini alikuja hivyo hivyo, enanga ikiwa kichwani juu ya mikeka. Mungu aliwajalia watoto watatu, Desderius, Evaresta na Benadeta, na wajukuu saba, wa mwisho akiwa huyu aliye mgongoni mwa Noela, mke wa Desderius, ambaye ndiye aliyepewa kuyasoma maneno haya. Mzee Rogasian alitangulia mbele za haki tarehe 3 Machi 2011.

Marehemu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, na mwaka 2003 alianzisha kikundi cha ngoma cha Tweyambe, maana yake tusaidiane, ambacho hakikumuuliza mtu babu yake alitoka wapi, ndiyo maana Ainebyona, ambaye ni Mnyambo, mwenyeji wa hapa tangu na tangu, alicheza humo sambamba na Lameck mpiga ngoma, ambaye wazazi wake nao walitoka ng'ambo ya mto.

Tarehe 20 Juni mwaka huu afisa utamaduni, Bwana Melkiory, aliyeko nasi hapa na tunamshukuru kwa kufika, aliviita vikundi na kueleza kwamba mji utatoa jukwaa, ngoma mpya na nafasi ya kufundisha watoto shuleni, na ili haki itendeke kila kabila litakuwa na kikundi chake, hivyo Tweyambe wagawanyike kabla ya tamasha la tarehe 30 Agosti. Marehemu alisimama akauliza kwa adabu, "Mwanangu, na hawa niliowazaa mimi watasimama upande gani?" Bwana Melkiory alijibu kwamba atalipeleka swali hilo kwa wakubwa, lakini huku nyuma moto ulikuwa umeshawaka, maana Ainebyona alisema kwa sauti kwamba basi wenzetu wakacheze kwao, na Lameck akamjibu, "Kwetu wapi, Ainebyona? Kitovu changu alikikata bibi yako." Walitoka kwa milango miwili, na marehemu akarudi nyumbani, akaacha chakula chake mpaka kikapoa.

Tangu hapo moyo wake, ambao daktari alikwisha kutuambia mwaka jana kwamba umepanuka, ulizidi kumsumbua, miguu ikavimba, na kila pikipiki iliposimama barabarani aliuliza kama jibu la mji limekuja. Alilazwa hospitali tarehe 5 Julai 2025, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 10 Julai akaiaga dunia, jibu likiwa bado halijafika, na hata sasa tunaposoma halijafika, na Tweyambe wameketi pande mbili za uwanja huu, kama kila mmoja anavyoona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Padre na wanajumuiya, majirani mliokata migomba na kupika, Gosbert aliyempeleka hospitali kwenye mvua, na wanakikundi wote wa pande zote mbili.

Limebaki jambo moja ambalo Ainebyona na Lameck hawalijui. Enanga, kwa wageni wasioifahamu, ni ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, na nyuzi zake zote ni kano moja ndefu ya ng'ombe inayokwenda na kurudi, wala haifungwi na mtu mmoja, kwa sababu lazima mmoja aushike ubao na mwingine avute. Asubuhi iliyofuata mkutano ule marehemu aliwaita ninyi wawili, kila mmoja bila kumwambia habari ya mwenzake, akasema kano imekatika na mikono yake haina nguvu. Haikuwa imekatika. Mkwewe huyu anayewasomea, akiwa mlangoni ananyonyesha, alimwona akiifungua mwenyewe, tundu kwa tundu. Mlikuja, mkanuniana, Ainebyona akashika ubao, Lameck akavuta, mpaka Ainebyona akasema, "Vuta bwana, au umekula uji tu?" na Lameck akasema, "Shika wewe, ubao unakukimbia," na mama, akiwa ameketi katikati yenu, akaipitisha kano kutoka ncha hadi ncha, akaigusa kwa kidole, ikalia. Mama, pumzika sasa kwa amani, kano bado haijalegea.